Ratiba ya picha, lori la majani chai na gambuti za dada

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikiandika mambo ya seva, hifadhidata na ujanja wa bando. Leo naandika juu ya kadi za karatasi zilizobandikwa ukutani kwetu Ogembo, kaunti ya Kisii. Msifunge ukurasa bado. Kompyuta itaingia, ingawa itapitia mlango wa jikoni.

Mada yenyewe ni watoto ambao ukuaji wao umechukua njia nyingine: wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wale wasiozungumza kabisa, na namna picha zinavyoweza kuwasaidia wao na jamaa zao kuimaliza siku bila vita. Mpwa wangu ni mmoja wao. Kila nikimtaja mbele ya watu wa fani yangu, swali huwa ni lilelile: "Si umwandikie programu ya simu?" Programu nimeandika, ndiyo, ila si ya simu, na mtoto hajawahi kuiona. Nitaieleza tukifika huko.

Ana miaka saba. Haongei, isipokuwa maneno matatu manne anayoyatoa siku atakayo yeye. Masikio yake ni mazima, anapanda mparachichi kuliko watoto wote wa boma, na kufuli hamlishindi. Tatizo lilikuwa kukimbia. Bila dalili ambayo mtu angeiona, alikuwa anachomoka mbio kuelekea barabarani huku anapiga kelele, na akishikwa anajiuma mkono mpaka damu. Barabarani kuna Probox na boda boda, na dereva wa Probox hana habari na usonji. Anayeshinda naye ni mama yangu mzazi, ambaye ana miaka sitini na tisa. Mashindano hayo hayawezi.

Kisha shule ikamwita dada na kumwambia amkalishe mtoto nyumbani "mpaka atulie". Shule hiyo siitaji. Lakini itazame sentensi yenyewe: mtoto atafundishwa akishatulia, na kutulia hatafundishwa na mtu. Katika kazi yetu hali hiyo tunaiita mkwamo. Michakato miwili, kila mmoja unamngoja mwenzake amalize, na hakuna unaosonga.

Kijijini nako kulikuwa na maelezo. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ni laana ya upande wa baba yake. Wapo waliosema dawa ni fimbo. (Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini nyumbani hakuna mkaguzi anayepita.) Dada mwenyewe alikuwa ameanza kufikiria jambo ambalo familia nyingi hulifikia kimyakimya, bila kumwambia jirani: kumfungia mtoto ndani kila anapokwenda kuchuna chai. Mlango, komeo, basi. Aliniambia kwa simu kwa sauti ya mtu anayeomba akatazwe. Wiki hiyohiyo nikaomba likizo, nikapanda gari Nairobi.

Kabla ya picha yoyote tulianza na daftari. Mtu akikuletea mfumo unaoanguka ovyo, huanzi kubadilisha msimbo siku ya kwanza. Unafungua kumbukumbu uone kilichotokea dakika moja kabla. Mwalimu wa kitengo maalumu katika shule jirani, mama mpole mwenye subira ya ajabu, alituchorea safu tatu kwenye daftari la hesabu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Pembeni, saa.

Safu hizo wataalamu wa tabia wamezitumia miaka mingi, na zina sababu. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand, watafiti wa Marekani, walichapisha kazi kuhusu watoto wanne waliokuwa na vurugu darasani. Hawakuuliza watazimaje vurugu. Waliuliza vurugu ya kila mtoto inamletea nini. Mmoja anapiga kelele kazi ikiwa ngumu. Mwingine anapiga kelele mwalimu akimpa kisogo. Wakamfundisha kila mmoja njia nyingine ya kupata kitu kilekile: huyu aombe msaada, yule aulize kama kazi yake ni nzuri. Vurugu zikapungua. Maana yake kelele ilikuwa ujumbe, na mtoto alipopewa ujumbe mfupi zaidi unaofika palepale, hakuwa na haja tena na ule mrefu.

Daftari letu tulilijaza wiki mbili. Mama aliandika kwa Ekegusii, dada kwa Kiswahili, na mimi jioni nikawa nayaingiza yote kwenye jedwali la kompyuta stima ikiwepo. Majirani walikuwa na dhana zao kuhusu kitakachoonekana: njaa, usingizi, mwezi mpevu. Kilichoonekana ni viatu.

Ndiyo, viatu. Dada akivaa gambuti anakwenda kuchuna chai, na mtoto anabaki na bibi yake. Akivaa viatu vyeusi vya ngozi ni kanisani, na mtoto anakwenda naye. Raba ni sokoni Ogembo, kwa hiyo ndizi mbivu zitarudi. Ndala, yupo nyumbani. Hakuna aliyemfundisha mtoto mambo haya. Alikuwa ameyasoma mwenyewe, kila asubuhi, kama wewe unavyosoma saa ya ukutani. Siku za utulivu kwenye jedwali zilikuwa siku ambazo viatu na safari vililingana. Siku za mbio zilikuwa zile ambazo havikulingana. Jumamosi moja (sisi ni Wasabato) mvua ilikuwa imeharibu njia, dada akaenda kanisani kwa gambuti na viatu vya ngozi ndani ya mfuko wa plastiki. Jumatano moja gambuti ya kushoto ilikuwa imepasuka, akaenda kwenye chai na raba. Na kwa wasiojua Ogembo, hii ni milima ya Gusii, nchi ya chai na ndizi na mto Gucha. Tope kwetu si tukio la mwaka.

Usiku ule nilikaa na jedwali hilo mpaka betri ikaisha. Mtoto aliyeitwa mkaidi alikuwa ameshajitengenezea ratiba ya picha. Ilikuwa na picha nne, zote za miguuni. Kusoma alikuwa anasoma sawasawa. Data ndiyo iliyokuwa mbovu.

Ninaanzia hapo kila mtu anaponiuliza ratiba ya picha ni nini, kwa sababu wengi huidhani ni njia ya kumwamrisha mtoto bila kupaza sauti. Naiona ni njia ya kumpa habari. Neno hupita. Ukisema "tunakwenda kanisani", limeshaisha, halipo tena hewani, na mtoto ambaye akili yake inachelewa kuyapanga maneno hana pa kurudi kulitazama. Picha inabaki. Ataiangalia, ataondoka, atarudi mara ya kumi, ataikuta palepale, na haijakasirika.

Wazo si geni. Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina walianzisha mpango uitwao TEACCH, ambao mwaka 1972 ukawa huduma ya jimbo zima. Msingi wake mmojawapo ni huu: watoto wengi wenye usonji wanaelewa zaidi kwa macho kuliko kwa masikio, basi darasa lipangwe hivyo, kila kitu na mahali pake, kila shughuli na alama yake. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost, huko Delaware, wakaanzisha PECS, ambamo mtoto asiyezungumza anachukua kadi ya kitu anachokitaka na kuiweka mkononi mwa mtu. Napenda hilo la mkononi. Kunyooshea kidole picha unaweza kufanya peke yako chumbani. Kumpa mtu kadi lazima kwanza umwendee. Mwaka 2020 jopo la Marekani linalopitia utafiti wa usonji lilitoa orodha ya mbinu 28 zenye ushahidi wa kutosha, na vielelezo vya kuonekana kwa macho vimo ndani yake.

Hapa Kenya vituo vya kuwapima watoto hawa, ambavyo walimu wanavijua kwa herufi EARC, vilianza mwaka 1984, na taasisi ya KISE inayofunza walimu wa elimu maalumu ilianzishwa mwaka 1986. Kitengo cha usonji katika shule ya msingi ya City, Nairobi, kilianza mwaka 2003, na mwaka huohuo wazazi wakaunda Chama cha Usonji cha Kenya. Kwa hiyo maarifa yapo nchini. Kutoka Nairobi hadi kwa mama aliye kwenye mteremko wa chai ni safari nyingine.

Haya, sasa kadi zenyewe.

Tulichagua ukuta ulio kati ya mlango na jiko, pale ambapo mtoto hupita akitaka asitake. Ukanda mmoja wa Velcro kutoka juu kwenda chini, kadi tano, sizidishi. Chini kabisa kuna mfuko wa kitambaa ambao mama aliushona kutoka kwenye shati langu la shule. Shughuli ikiisha, mtoto anaibandua kadi yake na kuitumbukiza mfukoni. Usiudharau mfuko huo. Bila yeye, siku ni orodha isiyopungua. Mtoto anatakiwa aone kwa mkono wake kwamba jambo limekwisha na kilichobaki ni hiki.

Kuhusu picha, mtandaoni zipo nyingi za bure na ni nzuri. Mkusanyiko wa ARASAAC, unaomilikiwa na serikali ya Aragon, Hispania, na kuchorwa na Sergio Palao, una picha zaidi ya 10,000, na leseni yake inakuruhusu kuzitumia na hata kuzibadilisha mradi huziuzi, umtaje mchoraji, na unachotengeneza nacho ukitoe kwa masharti yaleyale. Nilizipakua nikawa nazo. Lakini choo chake ni cha kukalia, chenye tangi la maji nyuma. Choo chetu ni kibanda cha mabati chini ya mgomba. Kitanda chake kina taa pembeni. Chakula chake kina uma. Mtoto ambaye tayari ameonyesha anasoma gambuti dhidi ya raba hatasamehe tofauti kubwa kama hiyo. Kwa hiyo picha za mwanzo nilizipiga mwenyewe kwa simu: kikombe chake cha bati chenye kovu, sahani ya obokima na chinsaga, kibanda cha choo kama kilivyo, lango la shule, karai la kuogea. Kila kitu kimoja peke yake, nyuma yake khanga isiyo na maua mengi, maana ukipiga karai na kuku akapita, kwa mtoto huyu hiyo ni kadi ya kuku.

Wapo watoto ambao hata picha halisi ni mbali kwao. Hawajaunganisha karatasi na kitu. Hao huanzia na kitu chenyewe: kijiko kwa maana ya kula, kipande cha sabuni kwa maana ya kuoga. Baadaye kitu kinabandikwa juu ya picha yake, mwisho inabaki picha, na wengine wakifika mbali inabaki michoro, kisha neno. Mwalimu wetu ana watoto wa ngazi zote hizo katika chumba kimoja. Mjomba wangu mmoja, anayechonga mawe ya Tabaka, alijitolea kuchonga vijiko, vikombe na viatu vidogo vya jiwe kwa ajili ya darasa hilo. Mawe ya Tabaka ni laini, yanachongeka kwa kisu, na yamesafiri dunia nzima kama sanamu na sahani. Mwalimu alivipokea kwa heshima zote, akavipanga juu ya kabati, akanivuta kando: "Ni vizuri sana, lakini nina watoto wawili wanaorusha." Vipo kabatini mpaka leo.

Sasa ile programu. Tatizo lake lilikuwa la lugha. Nyumbani mtoto anasikia Ekegusii, sokoni na kanisani Kiswahili, shuleni Kiswahili na Kiingereza. Sisi Wakisii tunamwita mama "baba", na baba tunamwita "tata". Usicheke; ndivyo ilivyo, mama yangu mwenyewe nimemwita baba maisha yangu yote. Sasa andika "baba" chini ya picha ya dada yangu uone. Mama anaisoma sawasawa. Mwalimu mgeni anayezungumza Kiswahili anaisoma kuwa ni mzazi wa kiume, na anamwambia mtoto kwa sauti ya furaha kwamba baba anakuja kumchukua. Mtoto anatazama picha ya mama huku anaambiwa neno la Kiswahili lenye maana nyingine. Hiyo ni gambuti kanisani kwa mara nyingine, safari hii tumeichapisha wenyewe.

Watengeneza programu wanaijua dawa yake: usitumie jina kama kitambulisho. Kila kadi yetu ina namba, na namba hiyo ndiyo kadi. Maneno ni tabaka la juu linalobadilishwa. Mistari kama mia moja ya Python inachukua folda ya picha na jedwali lenye safu za lugha tatu, inapanga kadi tisa kwenye karatasi ya A4, na kutoa PDF. Seti ya nyumbani ina maandishi ya Ekegusii, seti ya mwalimu ina ya Kiswahili, na picha ni zilezile, namba ni zilezile. Maji ni kadi namba 4 iwe imeandikwa "amache" au "maji". Mwalimu akinipigia simu jioni anasema, "Leo namba 9 imetusumbua," na wote tunajua anasema choo, bila kumtangazia mtu aliye karibu naye kwenye gari. Faida hiyo haikuwamo kwenye mpango.

Kuchapisha nilichapisha katika duka la fotokopi mjini Ogembo, na kijana wa pale akazilamineti. Aliuliza kama nafungua hoteli.

Kwa nini si simu? Kwa sababu simu yenye skrini nzuri pale nyumbani ni ya dada, na dada akiondoka simu inaondoka naye, yaani ratiba inatoweka saa ileile mtoto anayoihitaji kuliko zote. Kwa sababu stima hukatika. Kwa sababu kwa mtoto huyu simu tayari ina maana, na maana yake ni katuni. Ukimwonyesha ratiba kwenye simu umemwonyesha mlango wa peremende na kumwomba asome bango lililo juu yake. Na kwa sababu karatasi inatazamwa na watu wote kwa pamoja, hata bibi anayeiita simu ya kugusa "kioo". Siwapingi wanaotumia kompyuta kibao kuzungumza. Kwa mtoto anayehitaji maneno mia tano, kadi za mfukoni hazitoshi, na huko programu ndiyo mkombozi. Sisi tulikuwa na kadi ishirini na mbili.

Jambo lililotusumbua zaidi ni lori.

Dada akishachuna, anabeba majani hadi kituo cha kununulia na kungoja lori la kuyakusanya. Barabara ikiwa kavu lori linafika mchana. Ikiwa imenyesha, linaweza kufika saa moja ya usiku, na dada hawezi kuyaacha majani akaondoka. Daftari lilikuwa wazi kabisa: mbio za jioni, zile mbaya, za gizani, zilikuwa za siku za lori. Sasa utaweka kadi gani? Mtu wa mjini angeweka picha ya saa. Lakini saa kumi na moja ikifika na mama hajaja, umemdanganya mtoto kwa maandishi.

Tukaacha saa kabisa. Ratiba yetu inakwenda kwa matukio: kwanza chai, kisha lori, kisha mama. Nilikwenda kituoni nikapiga picha ya lori lenyewe, na wakulima wakataka nao wawemo. Ahadi iliyopo ukutani haisemi mama atakuja lini. Inasema mama hatangulii lori. Hilo ni kweli kila siku, mvua au jua. Lori likichelewa, dada anambipu mama, na mama anabandika pembeni ya kadi ya lori kadi ya njano yenye alama tuliyokubaliana kuwa maana yake ni "bado, tunangoja", kisha wanachukua kikombe cha uji na kukaa kibarazani wote wawili.

Kadi hiyo ya mabadiliko mwalimu alituonya tusiizindue siku ya msiba. Tulianza nayo kwa mabadiliko matamu: palipokuwa na maharagwe pakawekwa njano, halafu ndizi mbivu. Palipokuwa na kulala, njano, halafu kubebwa mgongoni. Wiki nzima njano ilileta heri. Lori lilipochelewa mara ya kwanza, ile njano ilikuwa na akiba ya kuaminiwa.

Kuna kibao kingine kidogo cha nafasi mbili, Kwanza na Halafu. Kwanza kuoga, halafu mparachichi. Ni rahisi na kina nguvu sana, na hapo ndipo hatari yake. Mtu mzima akishaona kinafanya kazi anaanza kuongeza: kwanza kuoga, na kuchota maji, na kukunja blanketi, halafu, ngoja kidogo, halafu. Dada na mimi tulibishana juu ya hili. Alisema, "Wewe utarudi Nairobi, mimi nina kuni za kukusanya." Ni kweli. Lakini kibao kile ni mkataba wenye pande mbili, na upande mmoja hauwezi kwenda kulalamika popote ukivunjwa isipokuwa barabarani. Tulikubaliana: Halafu ikishabandikwa haibanduliwi na mkubwa.

Vibao vya nyota, ambavyo mtoto anakusanya nyota tano kisha anapewa zawadi, sijavibandika. Vipo vinavyosaidia, na mwalimu huvitumia kwa kazi fupi darasani. Watu wazima wenye usonji, ambao siku hizi wanaandika na kusema wenyewe, wamelalamika kwamba mara nyingi walilipwa nyota kwa kukaa kimya na kuficha maumivu. Ninapomtazama mpwa wangu akijiuma mkono, sitaki kumnunua aache. Nataka awe na kadi ya kusema kinachomfanya ajiume. Kwa hiyo kadi namba 15 ni "nipumzike". Akiitoa, chochote kinachoendelea kinasimama, hata kama ni maombi. Siku za kwanza aliitoa kila dakika mbili, na mama, Msabato wa tangu enzi, alikatiza baraka za chakula mara tatu kwa mlo mmoja. Alikuwa anaijaribu kama kweli inafanya kazi. Mimi nami nikiandika kitufe kipya hukibonyeza hivyohivyo.

Matokeo? Hakuna muujiza wa kutangaza. Bado hasemi. Bado anajiuma akiwa na homa au meno yakimuuma. Katika wiki mbili za kwanza za daftari alikimbilia barabarani mara kumi na moja. Katika wiki mbili nilizojaza kabla ya kurudi kazini alikimbia mara tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa siku ya matanga kwa jirani, watu mia, vipaza sauti, na sisi wenyewe hatukuwa na ratiba. Komeo halijanunuliwa. Mwalimu wa kitengo maalumu amemchukua, nusu siku, akiwa na seti yake ya kadi ndani ya kopo la Kimbo. Gambuti mpya zimenunuliwa, na Jumamosi za mvua dada bado anazivaa, lakini kabla hajazigusa anabandika picha ya kanisa, na mtoto anatazama miguu, anatazama ukuta, na kwa sasa anauamini ukuta.

Ile programu nitampa yeyote anayeitaka, niandikieni. Picha zangu hazitawafaa, pigeni za karai lenu.

Wiki hii shule zinafungwa. Kadi ya lango la shule inatoka ukutani kwa muda, na nyumbani hawajakubaliana ni nini kiingie mahali pake. Dada anataka shamba. Mama anataka nafasi iachwe wazi, apumzike mtoto wa watu. Mtoto mwenyewe, naambiwa, ameshabandika lori mara mbili.